Mkalimani Aliyeitangulia Filamu

Filamu ile haijatoka. Walioitengeneza wametangaza kwamba itatoka, wametoa na kipande kifupi cha kuwatamanisha watu, nami nimekiona kwenye simu yangu, ambayo ni simu nzuri. Lakini ukiuliza hapa Busia, upande wa Uganda, kuanzia soko la nafaka mpaka kwa akina mama wanaouza dagaa karibu na geti la mpaka, watakwambia waliiona siku nyingi. Watakusimulia dada mkubwa alivyoanguka darajani na dada mdogo alivyofungua kopo. Wengine watakutajia hata rangi ya viatu. Na wote waliiona kwa mtu mmoja ambaye filamu yenyewe hakuwa nayo.

Mtu huyo ndiye ninayetaka kumwandika. Jina analo, ila halitumiki. Vijana humwita Vijei, kama wanavyoitwa Uganda nzima watu wa kazi ile: anakaa pembeni ya televisheni na maikrofoni mkononi, ndani ya kibanda cha video, anawafasiria watu filamu ya Wamarekani au Wachina huku ikiendelea. Sisi wa sokoni tunamwita Mkalimani.

Mimi si mtu wa kukaa vibandani, niseme wazi. Nilianza kwa kubeba magunia hapa hapa mpakani, nikaenda Qatar, nikafanya kazi ya ghala mchana na kusoma jioni, nikapata diploma ya usimamizi wa maghala, nikarudi. Lile ghala lenye paa la buluu unaloliona ukija kutoka Tororo ni langu. Sikubebwa na mjomba wala mbunge. Diploma iko ukutani ndani ya fremu, na anayeingia ofisini huiona kabla hajaniona mimi. Nayasema haya ili ijulikane kwamba ninapomsifu mtu, simsifu kwa kukosa wa kumlinganisha naye. Nimeona watu wa mataifa mengi wakifanya kazi zao. Wachache walizifanya kama Mkalimani alivyofanya yake.

Sauti yake ilikuwa nzito, yenye mchanga ndani yake, kama lori linapobadilisha gia kwenye kilima. Ilipita juu ya jenereta, juu ya mabati yanapopigwa na mvua, juu ya redio ya muuza nyama wa jirani. Kila mtu kwenye filamu alipewa sauti yake. Majambazi waliongea kwa upole wa kutisha, kama wale mawakala wa forodha wanaokwambia makaratasi yako yana shida ndogo. Mabibi wazuri waliongea kama wachuuzi wa upande wa Kenya, haraka haraka na bila kuvuta pumzi. Polisi wa New York alikuwa Mtororo asiyependa kazi. Mbwa, akiwepo, alibweka Kisamia, na Wasamia wa Bulumbi walioko ndani waliapa kwamba wanamwelewa.

Nyumbani alikuwa bubu, au karibu. Mke wake, anayepika chapati mbele ya kibanda, ndiye aliyesema yote. Ukimuuliza Mkalimani kama amekula, mke anajibu. Ukimuuliza kama kichwa kinamuuma, mke anajibu, tena anakueleza kwa nini. Siku moja nilimuuliza mama huyo kama hajachoka kumsemea mtu mzima.

"Diploma, wewe hujaoa mtu wa maikrofoni," alinijibu. "Huyu anatumia maneno yake yote kule ndani. Mimi ananiletea mabaki."

Mume alikuwa amekaa hapo hapo akitafuna karanga mbichi. Alitikisa kichwa kukubali.

Hajawahi kupita Kisumu. Hilo halikumzuia kuzungumzia miji ya dunia kama mtu aliyeacha nguo zake kwa dobi huko. Niliporudi kutoka Qatar na kuanza kuwaelezea wenzangu uwanja wa ndege wa kule, ngazi zinazotembea zenyewe, sakafu unayoweza kujiona uso, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Na New York ulifika?" Nikasema sikufika. "Hong Kong?" Sikufika. Akanipiga bega kwa huruma. "Si mbaya, Diploma. Umeanza vizuri." Watu walicheka wiki nzima. Mimi ndiye niliyekuwa na muhuri kwenye pasipoti, na yeye ndiye aliyeaminiwa.

Lakini ukitaka kumjua Mkalimani, lazima ujue tabia yake moja iliyomletea sifa na ugomvi: hakuweza kuacha jambo baya lipite mdomoni mwake likiwa zima. Alilipunguza. Alilikata kona. Filamu ikimuua mzee mwema, yeye anasema mzee amezimia tu, atapelekwa hospitali ya Tororo. Wapenzi wakiachana, anasema mwanamume amekwenda kutafuta mahari. Watu walitoka kibandani mwake wakiwa na furaha, halafu wakikutana na jamaa wa kijiji kingine aliyeona filamu ile ile kwa mkalimani mwingine, ugomvi unaanza.

"Filamu nyingi iko mgonjwa," alikuwa akisema. "Mimi nasaidia kidogo tu."

Kanisani walimtumia zamani. Akija mhubiri mgeni wa Kiingereza, Mkalimani alisimama kando yake akifasiri sentensi kwa sentensi. Kazi hiyo aliifanya kwa heshima mpaka alipokuja mhubiri mmoja wa moto. Mhubiri akapiga meza, akasema kwamba nusu ya watu waliokaa pale wangeungua milele. Mkalimani akageukia waumini, akasema: "Mgeni wetu anasema wengine hapa watasikia joto." Mhubiri akaongeza sauti, akasema hakutakuwa na tone la maji. Mkalimani: "Mje na chupa." Kanisa likaanguka kwa kicheko, na mhubiri, asiyejua kilichosemwa, akadhani Roho ameshuka, akafurahi mno. Wazee wa kanisa hawakufurahi. Tangu siku hiyo akawa anakaa nyuma, kwenye kwaya ya wanaume, akiimba besi.

Kwenye mazungumzo ya mahari, hata hivyo, hawakumwacha. Hapa kwetu mara nyingi bibi harusi ni Msamia na bwana harusi ni Mjopadhola au Mteso, wazee wa pande mbili hawasikilizani vizuri, na mtu wa katikati anahitajika. Nilikuwepo siku moja Merikit, kwenye mahari ya mpwa wangu. Mzee wa upande wa pili alitazama ng'ombe tuliowaleta, akasema kwa lugha yake, na kwa bahati mbaya lugha yake ninaisikia, kwamba ameshawahi kuona mbuzi wanene kuliko hawa. Mkalimani akatugeukia na uso mkavu kabisa: "Mzee anasema ng'ombe hizi imetembea mbali, wapewe maji." Tukawapa maji. Leo wale maharusi wana nyumba na mapacha. Je, alidanganya? Niliwahi kumuuliza. Akasema maji si yalinywewa.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye niliyemletea kitabu kibaya kuliko vyote.

Nilikinunua uwanja wa ndege siku ya kurudi, maana msafiri mwenye diploma hakai bure akingoja ndege. Ni riwaya ya dunia iliyokwisha. Haisemi ni nini kilichotokea, inasema tu kwamba udongo umekufa. Ukipanda, hakuna kinachoota. Watu wamebaki wachache, na wanaogopana. Dada wawili wanatembea kutoka mji mmoja ulioachwa mpaka mwingine, wamebeba kopo la mbegu lililozibwa na mama yao. Hawalifungui, kwa sababu wakipanda na isiote, watakuwa hawana tena cha kubeba. Ndiyo hadithi nzima. Hawaongei sana. Njiani dada mkubwa anakufa. Mwishoni kabisa mdogo anapata kipande cha ardhi kinachoonekana kama kina uhai, anafungua kopo, na ndani mna vumbi. Wadudu walishakula zamani. Kitabu kinaishia hapo. Mimi nilikisoma mara mbili, na sioni aibu kusema kwamba mara ya pili nilikisoma nikiwa nimefunga mlango.

Siku habari zilipofika kwamba kinatengenezewa filamu, Mkalimani alikuja ghalani mbio.

"Diploma, wanasema kitabu iko kwako."

"Iko."

"Nisomee. Safari hii sitaki filamu inikute. Mimi ndiyo nitaikuta."

Kiingereza cha kusikia anakijua sana, cha kusoma kinamchosha. Kwa hiyo kila mchana, wapakiaji wakienda kula, alikaa juu ya gunia la mahindi na mimi nikamsomea, kwa matamshi ambayo hata mwalimu wangu wa Qatar aliyasifu. Hakuwa msikilizaji mtulivu. Alipinga kila ukurasa.

"Huyu mwandishi alikosana na nani?"

"Hakukosana na mtu. Ni fasihi."

"Basi fasihi iko na kisirani. Hao wasichana hawana shangazi?"

Tulipofika kwenye kopo, alinizuia kwa mkono. Kisha akasema: "Mimi nitaweka mbegu moja. Moja tu, imeponea kwenye pembe ya kopo. Inaota kidogo. Halafu muziki."

Nikakataa. Nikamwambia kwamba kitabu hiki kimesomwa na watu wakubwa duniani, na ukiweka mbegu umekiharibu chote. Tulibishana mpaka wapakiaji wakarudi na kujipanga kutusikiliza. Yeye alisema watu wake hawalipi kuja kuona kopo tupu. Mimi nilisema asiyetaka kopo tupu asije. Hatukukubaliana.

Ndipo koo likaingia katikati.

Ule mchanga wa sauti yake ulikuwa umezidi. Alikuwa anakohoa katikati ya mapigano ya filamu, na shujaa anabaki na ngumi hewani bila maneno. Mke wake akamvuta mpaka hospitali ya Tororo, nikawapeleka kwa gari langu. Kulikuwa na daktari bingwa mgeni, asiyejua Kiswahili, na muuguzi mmoja mpole akawa anamfasiria. Daktari akasema kwamba kuna uvimbe, lazima ukatwe, na baada ya hapo sauti huenda isirudi. Alisema hivyo kabisa kwa Kiingereza. Muuguzi akamtazama Mkalimani, akatabasamu, akasema: "Mzee, daktari anasema utapumzisha sauti kidogo."

Mimi niliinamisha kichwa. Mke wake, asiyejua Kiingereza, akamshukuru Mungu kwa sauti. Mkalimani alimtazama yule muuguzi kwa muda mrefu, kama fundi anayetazama kazi ya fundi mwenzake.

Tukaanza kurudi, tukapita kiwanda cha saruji. Halafu akaanza kucheka, cheko la kukwaruza.

"Yule dada ni hodari," alisema. "Hata jicho halikupepesa. Mimi nimefanya hivyo maisha yangu yote, leo imefanywa kwangu." Akajipapasa shingo. "Diploma, ni vibaya bwana. Unakaa pale, unajua iko neno limefichwa, na wewe ndiyo mwenye koo."

Mke wake akauliza ni neno gani limefichwa. Mkalimani akamwambia lote, palepale kwenye gari, bila kukata kona. Mama yule alilia mpaka tukafika Busia, kisha akafuta uso, akaniambia nisimamishe gari anunue unga, maana kesho watu watataka chapati.

Operesheni ilipangwa. Filamu ilikuwa bado kutoka, na hakuna aliyejua itatoka lini. Mkalimani aliogopa kitu kimoja tu, na alikisema wazi kwa kila aliyetaka kusikia: kwamba filamu aliyoisubiri itafika Busia na kumkuta hana sauti ya kuikaribisha. Kwa hiyo aliamua kutoingoja.

Ilikuwa Jumapili, baada ya ibada. Kipaza sauti cha nje kiliita tangu asubuhi, na kibanda kikajaa mpaka watu wakakaa kwenye matairi. Televisheni iliwashwa, ikabaki buluu tupu, bila picha. Watu wakaanza kupiga kelele.

"Weka filamu, mzee!"

"Filamu bado iko njiani," akasema kwenye maikrofoni. "Lakini mimi nimefika."

Akaanza. Alisimulia filamu ambayo haipo kana kwamba inapita machoni pake. Kamera inashuka kutoka mawinguni, alisema, na chini ni barabara, unaona barabara? Watu wakatazama ile buluu na kuitikia kwamba wanaiona. Alifanya upepo kwa mdomo. Alifanya nyayo kwa kugonga meza. Aliwapa wale dada sauti ndogo ndogo ambazo sikujua kwamba anazo. Barabara aliielekeza kulia kwa mlima wa Tororo, na mji ulioachwa ukawa Busia bila mtu, geti limefunguka, baiskeli zimelala, hakuna wa kukuuliza kitambulisho. Hapo kibanda kizima kiliguna. Mimi nilisimama mlangoni, na nakiri kwamba nilisahau kutafuta makosa.

Dada mkubwa alipoanguka darajani, muuza dagaa mmoja, mama mnene anayekaa mbele siku zote, alisema kwa sauti: "Amezimia. Watampeleka hospitali."

"Hapana, mama," Mkalimani akasema. "Huyu amekufa."

Watu wakageukiana. Alikuwa hajawahi kumuua mtu kwenye filamu.

Alipofika kwenye kopo, nilimwona akinitafuta kwa macho mlangoni. Nilifikiri sasa ataweka ile mbegu yake. Akafungua kopo la hewani kwa mikono miwili, akamimina kiganjani, akakisogeza kiganja kwenye maikrofoni, akapuliza. Pumzi ile ilitoka kwenye kipaza sauti cha nje na kusikika mpaka barabarani.

"Vumbi," akasema. "Imekwisha."

Akazima televisheni. Hakuna aliyepiga makofi. Halafu yule muuza dagaa akasimama, mikono kiunoni.

"Na huyo mama yao alikuwa mtu gani? Mbegu unaweka kwenye kopo bila jivu?"

"Kweli!" mwingine akadakia. "Mbegu inaning'inizwa juu ya jiko, moshi uipige! Kopo la nini?"

"Kwanza wangekuja Osukuru," akasema mzee mmoja wa huko. "Udongo ukifa, mbolea iko ndani ya mawe ya mlima pale, imejaa."

"Mbolea haifufui udongo, mzee, tumeshaiweka kwetu."

"Kwenu mnaiweka kama chumvi!"

Basi ikawa vita. Watu wa Merikit walidai wao wangewapa wale wasichana mtama, ambao haudai mengi. Wa Bulumbi wakasema mihogo, mihogo haihitaji mbegu kabisa, unakata kijiti unachomeka, na huyo mwandishi kama angeuliza mtu asingetusumbua. Walitoka nje wakibishana, wakabishana mbele ya chapati, wakabishana mpaka barabara ya soko. Dunia iliyokufa kitabuni ilipandwa upya na mikono mia, kila mtu na zao lake. Mkalimani alikaa kwenye kiti chake, amelowa jasho, anatabasamu, sauti imeisha kabisa.

"Sikuweka mbegu," alininong'oneza.

"Nimeona."

"Na hakuna aliyekwenda na huzuni. Wamekwenda na hasira. Hasira iko sawa, mtu anaweza kulima nayo."

Wakamkata ule uvimbe wa koo wiki iliyofuata. Daktari alikuwa amesema kweli: ile sauti haikurudi. Kilichorudi ni kitu chembamba, kama karatasi ikiburuzwa mezani. Kibanda kikafungwa. Wapita njia walimpungia mkono naye akapunga. Nilipomtembelea, mke wake alijibu maswali yangu yote kama kawaida, na kwa mara ya kwanza sikuona kichekesho.

Juzi ndipo kile kipande cha filamu kilipotoka. Nilikiona asubuhi, nikafunga ofisi, nikaenda moja kwa moja kibandani. Mkalimani alikuwa kwenye benchi la nje, kando ya jiko la chapati, koti limefungwa mpaka shingoni. Nikamwonyesha. Akashika simu karibu na pua. Watu wakaanza kukusanyika: muuza dagaa na beseni lake kichwani, vijana wa bodaboda, muuza nyama wa jirani na kisu chake.

"Hii si ile," akasema muuza dagaa. "Huyo dada mkubwa alikuwa mnene."

"Na mlima wa Tororo wameutoa," kijana mmoja wa bodaboda akalalamika. "Wameharibu."

Kwenye kipande chenyewe hakuna anayesema kitu. Ni upepo, nyayo, wanawake wawili mbali, kopo. Kikaisha. Watu wakamtazama Mkalimani, kisha wakaangalia pembeni, kwa sababu kila mmoja alikuwa na swali moja na hakuna aliyetaka kuwa wa kuliuliza. Muuza dagaa ndiye aliyeweza.

"Ikifika, baba, nani atatufasiria?"

Mke wake akafungua mdomo kujibu. Mkalimani akainua mkono, na mke akafumba mdomo. Sijawahi kuliona hilo tangu niwajue.

Akakirudisha kipande mwanzo, akaigeuza simu ili tuione sisi, yeye akabaki nyuma yake bila kuitazama. Akaanza kusema. Hatukusikia kitu. Muuza nyama akageuka akazima redio yake. Kijana wa bodaboda akazima injini. Mke wake akaacha kupigapiga unga wa chapati. Tukainama mbele sote, vichwa vikigusana, na ndipo tukaisikia ile karatasi ikiburuzwa: barabara, alisema, ni ndefu, hawa ni dada, wamechoka, msiwaambie kitu, wasije wakaogopa. Haikuwa sauti ya kupita juu ya jenereta. Ilikuwa sauti ya mtu wa mwisho aliyebaki duniani, anayekwambia wewe peke yako. Nimepanda ndege nyingi, nimekaa kwenye sinema za Qatar zenye viti vya kulala, na sijasikia filamu ikisemwa hivyo.

Kipande kikaisha. Hakuna aliyeinuka. Muuza dagaa, beseni bado kichwani, akamgusa goti.

"Irudishe, baba," akasema, naye kwa kunong'ona.